Taaluma Tukufu ya Kumimina Risasi kwa Starehe

Starehe ya rashasha ni raha anayoipata mtu mzima, mwenye akili timamu na kadi ya benki yenye salio, pale anapovuta kifyatulio mara moja tu na bunduki ikaendelea kufyatua yenyewe mpaka aachie au risasi zimwishie. Aghalabu risasi ndizo hutangulia kwisha. Kila neno katika fasili hii limepimwa, na mtaalamu anayeuongoza mhadhara huu, ambaye hana mpinzani katika fani kwa kuwa hakuna mwingine aliyejitokeza kuigombea, anasisitiza maneno mawili: mara moja. Bunduki inayotaka kuvutwa upya kwa kila risasi, hata ivutwe upesi namna gani, ni ya daraja la chini. Hiyo inawahusu wawindaji, askari wa doria na watu wengine wenye kazi ya kufanya. Hapa kinachojadiliwa ni bunduki isiyo na kazi.

Elimu hii ina wazee wake. Wa kwanza kutajwa ni Richard Gatling, Mmarekani aliyesomea udaktari lakini hakufungua zahanati. Badala yake, mwaka 1862, alipata hataza ya bunduki yenye mitutu kadhaa inayozungushwa kwa mkono. Baadaye alieleza kwamba nia yake ilikuwa ya huruma: bunduki moja ikifanya kazi ya watu wengi, majeshi yatapungua, na askari watakaougua na kufa kambini watapungua pia. Majeshi hayakupungua. Wanazuoni wa fani hawamlaumu kwa hilo, ila wanamnyima kiti cha mbele kwa sababu nzito zaidi, nayo ni kwamba bunduki yake ilimtaka mtu azungushe mpini, na panapotoka jasho hapana starehe kamili. Sheria ya Marekani inakubaliana nao: mpaka leo Gatling ya kuzungusha kwa mkono haihesabiwi kuwa rashasha.

Kiti cha mbele amekikalia Hiram Maxim, mzaliwa wa jimbo la Maine aliyehamia London na kufungua karakana mtaa wa Hatton Garden. Kila aliyewahi kufyatua bunduki alijua kwamba inapiga teke begani, na mabega yasiyo na idadi yalikwisha kuumia bure kwa karne kadhaa. Kati ya mwaka 1883 na 1884 Maxim alilitazama teke hilo akaona ni kibarua asiye na ajira. Akamwajiri. Teke likarudisha komeo nyuma, ganda tupu likatupwa nje, springi ikalisukuma komeo mbele likiwa limebeba risasi nyingine, nayo ikafyatuka na kupiga teke jipya. Kazi ya binadamu ikabaki kutoondoa kidole. Mtutu ulizungushiwa bomba la maji ili usiungue, na risasi zilikwenda kwa kasi ya takriban 600 kwa dakika. Mwenyewe alizeeka masikio yakiwa yamekufa kwa kukaa karibu na uvumbuzi wake. Alibuni pia kifaa cha kuvuta mvuke wa dawa kwa wenye maradhi ya kifua, akashangaa, na haki alikuwa nayo, kwamba walimwengu waliomsifu kwa mashine ya kuua walimwona amejishusha kwa kubuni cha kumsaidia mgonjwa kupumua. Mwanawe, Hiram Percy, ndiye aliyepata hataza ya sailensa mwaka 1909. Baba kaleta kelele, mwana kauza kimya.

Mashine hiyo ilifika Afrika mapema. Mpelelezi Henry Morton Stanley alipopita Unguja mwaka 1887 kuchukua mamia ya wapagazi wa msafara wa kumwokoa gavana Emin Pasha, Maxim moja ilikuwa katika mizigo yake, na mabega ya watu wa pwani yalisaidia kuipitisha katika misitu ya Kongo. Miaka 18 baadaye, Agosti 1905, wapiganaji wa Maji Maji walipolivamia boma la Mahenge, bunduki za mashine za Wajerumani ziliwafyeka uwanjani. Mambo haya yanatajwa kwa ajili ya ukamilifu wa tarehe tu. Yanahusu upande wa mbele wa mtutu, ilhali taaluma ya starehe, tangu msingi wake mpaka paa, imejengwa upande wa nyuma.

Baada ya Maxim mbinu zimekuwa nyingi. Bunduki ya Kalashnikov, yaani AK-47, iliyopewa namba yake kwa mwaka 1947, haitegemei teke bali huchota kiasi cha gesi ya baruti kutoka kwenye mtutu na kuitumia kusukuma pistoni. Uzi ya Israeli hutegemea uzito wa komeo lenyewe. Tofauti hizi zina wapenzi wake, watu wanyamavu wenye mafuta kwenye kucha, na mhadhara huu unawatakia heri. Jambo moja la ufundi lafaa kutajwa. Katika AK, kiteuzi kikishushwa kutoka kwenye usalama, hatua ya kwanza kukutana nayo ni mfululizo. Ya moja moja ipo chini kabisa. Wanajeshi wana maelezo yao kuhusu mpangilio huo. Kwa mtalii mwenye kiherehere maana yake ni kwamba starehe iko karibu kuliko subira.

Sasa inafuata hesabu, na hadhira inaombwa itoe kalamu, kwa sababu hapa ndipo walei wengi hudanganyika. Vitabu hutaja kasi ya rashasha kwa dakika: AK 600, Thompson 700 au 800 kutegemea toleo, MG 42 ya Wajerumani 1,200. Kipimo hicho ni cha kinadharia, maana hakuna mtalii aliyewahi kuimaliza dakika. Magazini ya AK ina risasi 30. Risasi 600 kwa dakika ni risasi 10 kwa sekunde. Kwa hiyo magazini nzima, iliyojazwa risasi moja moja kwa kidole gumba mpaka kidole kikauma, huisha kwa sekunde 3. MAC-10, bastola iliyopandwa na shetani, hufyatua risasi zipatazo 1,100 kwa dakika na hutapika idadi ile ile ya risasi kwa muda usiozidi sana sekunde moja na nusu. Katika muda huo binadamu wa kawaida anaweza kuvuta pumzi au kuanza kusema "Subhanallah", lakini asimalize.

Ndiyo sababu mtaalamu amependekeza, na anaendelea kupendekeza kila anapopata watu wa kumsikiliza, kwamba starehe zote duniani zipimwe kwa dola kwa sekunde. Kwa kipimo hicho muziki wa dansi ni wa bure, chakula cha hoteli kubwa ni rahisi, na hata safari ya puto juu ya Serengeti ni ya kimaskini. Risasi moja ya Browning M2, ile kubwa ya kipenyo cha nusu inchi, hugharimu dola kadhaa, na bunduki hiyo humeza zaidi ya saba kwa sekunde. Husimuliwa kwamba mfalme wa Denmark alipooneshwa Maxim na kutajiwa gharama ya kuilisha kwa dakika moja, alijibu kwamba bunduki hiyo ingeufilisi ufalme wake. Mfalme huyo hakuwa na maarifa ya masoko. Hakujua kwamba siku itafika ambapo gharama itahama kutoka hazina ya dola kwenda mfukoni mwa mtu aliye likizoni, naye ataona fahari kuilipa.

Upatikanaji wa rashasha umetawaliwa na sheria za Marekani, kwa kuwa huko ndiko fani ilikostawi, na sheria hizo zimeandikwa kwa ucheshi ambao waandishi wake hawakuukusudia. John T. Thompson, afisa mstaafu wa jeshi, alibuni bunduki ya kufagia mahandaki katika Vita Kuu ya Kwanza, lakini vita ikaisha kabla bunduki haijavuka bahari. Iliingia sokoni mwaka 1921 ikitafuta wateja, na wateja wa kukumbukwa waliojitokeza ni wauza pombe haramu. Tarehe 14 Februari 1929, watu 7 waliuawa katika gereji moja mjini Chicago, na Thompson ndizo zilizofanya sehemu kubwa ya kazi. Mwaka 1934 Bunge likapitisha sheria, Rais Franklin Roosevelt akatia saini. Haikupiga rashasha marufuku. Ilizitoza kodi: dola 200 kila bunduki inapobadili mmiliki, pamoja na usajili, picha na alama za vidole. Bunduki yenyewe ilikuwa inauzwa kwa kiasi kisichotofautiana sana na hicho, hivyo mnunuzi alilipa mara mbili, mara moja kwa muuzaji na mara ya pili kwa serikali iliyosikitika. Dola 200 za wakati ule ni zaidi ya 4,000 za leo. Lakini waliotunga sheria walisahau kwamba fedha hupungua thamani, na kodi ya rashasha imebaki dola 200 zile zile, ambazo leo hazitoshi chakula cha jioni cha familia katika hoteli zilizo jirani na viwanja vya kulengea.

Kilichozipandisha bei rashasha ni kifungu kimoja kilichopachikwa mwaka 1986 na mbunge William Hughes wa New Jersey katika sheria ambayo kwa jumla ilikuwa ya kuwapendelea wenye bunduki. Rais Ronald Reagan aliitia saini tarehe 19 Mei mwaka huo, na tangu siku hiyo raia haruhusiwi kumiliki rashasha ambayo haikuwa imesajiliwa. Zile zilizokuwamo daftarini zikabaki halali, zikauzwa na kurithishwa, wala hazizaliani. Matokeo yake yangeweza kutabiriwa na muuza nyanya yeyote wa Kariakoo. MAC-10, chuma kilichochomelewa kwa haraka na kuuzwa mamia machache ya dola, imefika kuuzwa maelfu kwa maelfu. M16 iliyosajiliwa kwa wakati hugharimu makumi ya maelfu. Kuna raia wa Marekani wanaohifadhi rashasha kama akiba ya uzeeni, wasithubutu kuifyatua kwa kuogopa itachakaa. Hao, kwa masikitiko, wako nje ya taaluma. Ni wafanyabiashara wa mali isiyohamishika waliokosea ghorofa.

Wenye leseni maalumu za biashara huruhusiwa kuwa na zile zilizotengenezwa baada ya 1986, na hapo ndipo viwanja vya kukodisha vilipopata mlango. Asiyeweza kuinunua huikodi.

Swali la rashasha ni nini hasa limefika hadi Mahakama ya Juu ya Marekani. Tarehe 1 Oktoba 2017 mtu mmoja alifyatua risasi kutoka dirishani mwa hoteli Las Vegas juu ya watu waliokuwa wakisikiliza muziki, na waliopoteza maisha walifika 60. Bunduki zake zilikuwa za kuvutwa moja moja, baadhi zikiwa zimefungwa kitako kinachoteleza ambacho hulitumia teke kugonga kifyatulio kwenye kidole, tena na tena. Serikali ilitangaza kwamba kitako hicho huigeuza bunduki kuwa rashasha, ikakipiga marufuku. Mwezi Juni 2024 majaji 6 dhidi ya 3 walitengua katazo hilo, hoja kubwa ikiwa kwamba kifyatulio hurudi na kuvutwa upya kwa kila risasi, hata kama macho hayawezi kuliona hilo. Usomi wa namna hii mtaalamu anauvulia kofia. Kurasa na kurasa ziliandikwa juu ya mwendo wa kipande cha chuma kisichozidi urefu wa kidole. Waliokuwa uwanjani usiku ule wa muziki hawakutakiwa kutoa maoni kuhusu kifyatulio. Wao, tena, walikuwa upande wa mbele.

Mji ni huo huo. Watalii wanaoshuka Las Vegas hukutana na matangazo ya rashasha tangu barabara ya uwanja wa ndege, yakiwa yamechanganyika na ya wanamazingaombwe na ya mawakili wa ajali. Huduma huuzwa kwa vifurushi, kwa mtindo wanaouelewa vizuri wateja wa kampuni za simu: kuna kifurushi cha Vita ya Pili ya Dunia, cha sinema za majambazi, cha makomando, cha maharusi. Kipo kiwanja kiitwacho Battlefield Vegas ambako mteja mwenye uwezo hupandishwa kifaru na kuliponda gari. Maharusi hawashangazi kama inavyodhaniwa. Kufunga ndoa mchana na kukodi Uzi jioni ni ratiba ya kawaida pale, na utaratibu huo una busara fulani kuliko kuupindua.

Wenye fani iliyokomaa hawaridhiki na kibanda chenye kiyoyozi. Kwa miaka mingi walihiji Knob Creek, karibu na mji mdogo wa West Point jimbo la Kentucky, kwenye uwanja uliowahi kutumiwa na jeshi kujaribia silaha. Mara mbili kwa mwaka, Aprili na Oktoba, walijipanga mstari na kuyashambulia majokofu mabovu, magari chakavu na mapipa ya mafuta. Usiku walitumia risasi zenye mkia wa moto, mapipa yakalipuka, na watoto wakala soseji. Mkutano wa mwisho ulikuwa Oktoba 2021. Sasa wengi huelekea jangwa la Arizona, karibu na Wikieup, ambako mstari wa wafyatuaji hufikia karibu mita 400. Sababu za kimaadili za kulichukia jokofu hazijaelezwa popote, na mtaalamu anakusudia kuzitafiti akipata ufadhili.

Nje ya Marekani, mfano wenye mafunzo ni Củ Chi, Vietnam, pembeni ya Jiji la Ho Chi Minh. Hapo wapiganaji walichimba mahandaki ya kilomita nyingi, wakaishi chini ya ardhi wakikwepa mabomu. Leo mtalii akishatambaa handakini na kupiga picha huenda kwenye kiwanja cha jirani na kununua risasi, zisizopungua 10, akachagua kati ya AK-47 ya upande mmoja wa vita na M16 ya upande mwingine. Bei zote zimeandikwa kwenye ubao mmoja. Historia haijawahi kupatanishwa kwa gharama nafuu namna hiyo.

Tendo lenyewe lina adabu zake. Mteja huvishwa viziba masikio, mara nyingi tabaka mbili, kwa kuwa mlio wa bunduki ya kivita hupita desibeli 150 na sikio huanza kuharibika kwa mlio wa ghafla uliozidi 140. Huvishwa miwani. Husimamishwa mguu wa kushoto mbele, magoti yamelegezwa, kiwiliwili kimeegemezwa mbele kwa namna ambayo mgeni huiona si ya heshima. Mkao huu una maana. Mtutu uko juu ya bega, teke linakuja juu ya mhimili wa mwili, kwa hiyo bunduki hutaka kupanda. Risasi moja huipandisha kidogo, na kabla haijashuka ya pili imekwisha kuikuta juu, na ya tatu juu zaidi. Kwa mshika bunduki kwa mkono wa kulia hupanda ikielekea kulia, ndiyo maana mdomo wa AKM, toleo la baadaye la AK, ulikatwa mshazari ili gesi iusukume kinyume. Mteja asiye na habari husimama wima, au hata huegemea nyuma kwa unyenyekevu, na sekunde moja baadaye huwa anaitungua dari.

Msimamizi husimama nyuma yake, kiganja kimoja mgongoni mwa mteja na kingine tayari karibu na bunduki. Ni kazi inayostahili heshima kuliko inayopewa. Mwenye busara humtilia mgeni risasi moja kwanza, kisha mbili, ndipo magazini. Humwambia avute na kuachia, risasi tatu tatu. Hapo wateja hugawanyika. Wapo wawekevu, ambao huachia kweli, hutazama shabaha, hutabasamu kwa kiasi na kurefusha starehe yao hadi nusu dakika. Wapo wafujaji, ambao husikia maelekezo, huitikia kwa kichwa, na kubana mpaka komeo ligonge patupu. Mtaalamu amewachunguza wote kwa makini na hana shaka kwamba wafujaji ndio walioielewa fani.

Kinachofuata hutokea kwa mawakili, wahasibu, bibi harusi na wachungaji bila ubaguzi. Bunduki ikinyamaza, mteja hubaki kimya kwa muda mfupi, kisha hucheka, na uso wake huwa wa mtoto aliyekabidhiwa ufunguo wa stoo ya sukari. Si kicheko cha kitu cha kuchekesha. Adrenalini imepanda, moyo unakimbia, mwili umejiandaa kwa hatari kubwa ambayo haikuja, wala haikuwa na mpango wa kuja. Mwili haujui kwamba umelipiwa. Swali la kwanza baada ya kicheko huwa ni bei ya magazini nyingine, na wenye viwanja wanalijua swali hilo kiasi cha kuweka jibu ukutani.

Kuhusu uonjaji wa bunduki moja moja, maneno machache yatosha. Thompson ni nzito, karibu kilo tano, na hutumia risasi za bastola, hivyo hutulia mikononi. Ni ya kuanzia, na hupigwa picha vizuri, kama alivyogundua Winston Churchill mwaka 1940. MG 42 hufyatua upesi kiasi kwamba sikio haliwezi kuzitenganisha risasi, na mlio wake uliwatia hofu askari waliousikia wakiwa mbali nao na pasipo tiketi. MAC-10 haipendekezwi kwa mtu yeyote anayependwa nyumbani kwao. Juu ya zote imekaa M134, mitutu 6 inayozungushwa na mota ya umeme, risasi 3,000 kwa dakika au zaidi, maana yake 50 kwa sekunde. Ni Gatling iliyorudi kwa njia ya waya: ule mpini uliomnyima mzee kiti cha mbele umekabidhiwa mota, na jasho limeondoka. Bila umeme haifyatui hata moja. Wasikilizaji kutoka nchi zenye mgao watatambua wenyewe mipaka yake.

Kwa bahati mbaya teke haliangalii umri. Mwezi Oktoba 2008, huko Westfield, Massachusetts, mvulana wa miaka 8 alipewa Micro Uzi katika maonesho ya bunduki. Ikapanda, ikamgeukia, akafa. Mwezi Agosti 2014, huko White Hills, Arizona, kwenye kiwanja kinachopokea watalii wa Las Vegas, msichana wa miaka 9 aliwekewa Uzi kwenye mfululizo. Ikamshinda nguvu, ikapanda kushoto kwake, na msimamizi aliyekuwa amesimama kando yake akapigwa kichwani, akafariki siku hiyo. Hakuna siri ya ufundi katika matukio haya: bunduki fupi, nyepesi, yenye kasi, katika mikono isiyo na uzito wa kuizuia. Baadhi ya viwanja vilipandisha umri na kuongeza sharti la kimo. Katika aya hii mhadhara hauna mzaha wa kutoa.

Shabaha huwa ni karatasi. Huchorwa zimwi, jambazi aliyemkaba mwanamke, au gaidi, na miongo kadhaa ya machapisho imethibitisha kwamba gaidi wa karatasi hupatikana kwa ndevu za aina moja tu. Risasi za kwanza humpata kifuani, za katikati hupita juu ya bega, zilizobaki humalizia kwenye kifusi nyuma au kwenye dari, ambayo kwenye viwanja vya ndani hufunikwa mabati mazito kwa kuheshimu ukweli huo. Kwa uwiano wa risasi zilizolipiwa na matundu yaliyopatikana, rashasha ni chombo dhaifu mno cha kulengea. Mteja halalamiki. Huondoka na karatasi yake, akaibandika sebuleni, na wageni wakaulizwa wahesabu.

Limebaki suala la nani anaruhusiwa, na hapa Mswahili anatakiwa kusikiliza kwa makini. Sheria ya shirikisho ya Marekani inamkataza mgeni aliyeingia kwa viza ya muda kushika bunduki au risasi. Mjerumani, Mfaransa au Mjapani huingia kwa matembezi bila viza, kwa hiyo katazo hilo halimgusi. Anaweza kutoka uwanja wa ndege na kwenda moja kwa moja kukumbatia Thompson. Mtanzania au Mkenya, ambaye alipanga foleni ubalozini, akalipa ada na kuchukuliwa alama za vidole vyote kumi ndipo akapewa viza, ndiye aliyekatazwa. Kwa maneno mengine, aliyechunguzwa zaidi ndiye anayeogopwa zaidi. Upo msamaha: mgeni mwenye leseni ya uwindaji iliyotolewa na jimbo lolote la Marekani huruhusiwa. Leseni hizo huuzwa na majimbo mbalimbali, na hakuna anayeuliza kama mwenye nayo amewahi kuona sungura. Hivyo mtu wa Tanga anayetaka kuliua zimwi la karatasi Las Vegas sharti kwanza athibitishe kisheria kwamba anakusudia kuua mnyama. Mwenye ukaazi wa kudumu au uraia, kama walivyo Waswahili wengi wa Minneapolis na Columbus, hahitaji sungura.

Baada ya tendo, mikono ioshwe kwa maji baridi na sabuni, kwa sababu kianzio cha risasi nyingi kina madini ya risasi na vumbi lake hubaki vidoleni, usoni na kwenye nywele. Chips zisiliwe kabla. Maganda ya shaba hufagiwa na kiwanja na kuuzwa au kujazwa upya, wala si zawadi ya mteja, hata akiomba kwa upole. Masikio yakivuma hadi asubuhi, viziba havikukaa sawasawa. Nguo za siku hiyo nazo zina mabaki ya baruti, na vipimo vya viwanja vya ndege vinavyonusa vilipuzi kwenye mikono na mikoba vinaweza kuyatambua. Zifuliwe kabla ya safari, na viatu vipanguswe. Msafiri anayeitwa Athumani au Khalfani azifue mara mbili, na afike uwanjani saa nne kabla ya ndege badala ya tatu.